Mkazo wa Neno na Pigo la Gitaa: Wimbo wa Kikristo wa Kiswahili Mkoani Mara, 1934 hadi Leo

Ikisiri

Historia ya muziki mpya wa Kikristo katika Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kama historia ya ala: sauti tupu zilitangulia, kinanda kikafuata, kisha gitaa la umeme na ngoma za kisasa. Makala haya yanaihoji simulizi hiyo kwa kuutazama Mkoa wa Mara, hususan ukanda wa Wangoreme ilimo kata ya Ringwani, pamoja na Wilaya jirani ya Tarime. Yanadai kuwa badiliko kubwa zaidi lilitokea ndani ya lugha, katika namna neno la Kiswahili lilivyokaa juu ya lahani. Tenzi zilizotafsiriwa zilililazimisha neno kufuata lahani ya kigeni; pambio, kwaya na muziki wa injili vikairudishia silabi ya Kiswahili mkazo wake; nyimbo za kuabudu zenye mtindo wa poprock, zinapotafsiriwa kutoka Kiingereza, zinalirejesha tatizo la kale. Aidha, makala yanaonesha kuwa ushindi wa Kiswahili katika wimbo ulikuwa na gharama iliyobebwa na lugha na ala za wenyeji.

1.0 Utangulizi

Ringwani, ambayo pia huandikwa Ring'wani, ni kata ya Wilaya ya Serengeti katika nchi ya Wangoreme. Ng'ambo ya mto Mara, upande wa kaskazini, iko Tarime, ambako Kikuria ndiyo lugha ya wengi. Kusini na magharibi wanapatikana Waikoma, Wanata, Waikizu na Wazanaki, na kando ya Ziwa Viktoria Wajita, Wakwaya na Wajaluo. Ni sehemu chache za Tanzania zenye lugha nyingi kiasi hicho katika eneo dogo namna hiyo. Kwa hiyo mtu aliyetaka kutunga wimbo wa Kikristo utakaoimbwa kutoka Shirati hadi Mugumu alikabiliwa tangu mwanzo na swali la lugha kabla ya swali la ala.

Leo, ibada moja ya Jumapili, au ya Jumamosi kwa Wasabato, inaweza kukusanya tabaka kadhaa za historia hiyo. Wimbo wa kitabuni hufungua ibada. Pambio huinua mkutano. Kwaya huimba utunzi wake yenyewe. Na pale penye kinanda na spika, vijana huongoza kipindi cha sifa na kuabudu kwa mtindo unaofuata bendi za Nairobi, Dar es Salaam, Lagos au Sydney. Tabaka hizo hazikufutana bali zinaishi pamoja, na ndiyo maana inawezekana kuzilinganisha.

Watafiti wa muziki wamekwisha kuandika mengi kuhusu uwanja huu. Gregory Barz (2003) aliichunguza kwaya ya Tanzania kama jumuiya inayojenga maisha ya wanachama wake, naye Imani Sanga (2008) aliuchambua muziki wa injili wa Dar es Salaam kama mahali ambapo taifa linawaziwa. Kazi hizo zilijikita mjini, na hoja zake ni za kijamii zaidi kuliko za kiisimu. Makala haya yanageukia pembezoni mwa nchi na kuuliza swali la kiarudhi: silabi ya Kiswahili ilifanywa nini ilipokutana na lahani?

2.0 Sauti nne bila ala

Wamisionari wa Kimenoni waliotumwa na bodi ya misheni ya Mashariki huko Pennsylvania, Marekani, walianzisha kituo cha Shirati mwaka 1934, wakiongozwa na Elam Stauffer. Katika miaka iliyofuata vituo vingine vilifunguliwa Bukiroba, Mugango na Nyabasi, hicho cha mwisho kikiwa katika nchi ya Wakuria. Wasabato kutoka Ujerumani walikuwa wamefika eneo la Ziwa tangu 1909, na Wakatoliki wa shirika la Maryknoll walianza kazi Musoma mwaka 1946.

Jambo moja kuhusu Wamenoni hawa lina uzito wa pekee. Wengi wao walitoka katika Konferensi ya Lancaster, ambayo wakati huo haikuruhusu ala za muziki ibadani. Walichokileta Mara kilikuwa uimbaji wa sauti nne, yaani soprano, alto, tena na besi, usiosindikizwa na kitu chochote. Wasabato nao walijenga mapokeo imara ya kwaya za sauti tupu na kitabu chao cha Nyimbo za Kristo. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba Ukristo wa Mara ulianza na kinanda na kwamba gitaa lilikuja kukiondoa amekosea mwanzo wa hadithi: mwanzoni hapakuwa na ala ya kuondolewa. Kilichokuwepo ni maneno na lahani, na mgogoro wa kwanza ulikuwa baina ya hivyo viwili.

Lahani nyingi zilizopatikana katika Tenzi za Rohoni na vitabu vinavyofanana nacho zilitungwa kwa ajili ya mashairi ya Kiingereza au Kijerumani. Katika bahari iliyotumika sana kwa Kiingereza, yenye mistari ya silabi nane na sita kwa kupokezana, pigo jepesi hutangulia pigo zito, na kila mstari huishia kwenye pigo zito. Mpangilio huo unakiridhisha Kiingereza kwa sababu maneno yake mengi ni ya silabi moja au huishia na silabi yenye mkazo. Kiswahili hakiko hivyo. Mkazo wake, isipokuwa katika maneno machache, hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo karibu kila neno humalizika kwa silabi nyepesi. Likiwekwa mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, neno Bwana huimbwa bwa-NA, na neno Mwokozi huwa mwoko-ZI.

Mfano mmoja unatosha kuonesha ukubwa wa tatizo. Kitenzi atakayetukomboa kina silabi nane: a-ta-ka-ye-tu-ko-mbo-a. Kikiimbwa katika lahani ambayo pigo zito huangukia silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, silabi -mbo- hupata uzito wake wa kawaida na neno husikika kama linavyotamkwa. Kikihamishiwa katika lahani ambayo pigo zito huangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, uzito unaiendea irabu ya mwisho, na sikio hupata neno ambalo hakuna mtu alisemaye. Idadi ya mizani ni ileile. Kilichoharibika ni mkazo. Mfasiri aliyehesabu silabi kwa uaminifu angeweza kabisa kuukosa wimbo.

Mfano huohuo unaonesha tatizo la pili. Nafasi nzima ya mstari wa silabi nane imejazwa na neno moja, ambalo kwa Kiingereza lingekuwa sentensi ya maneno matano na bado ikabaki nafasi ya kuongeza sifa au mahali. Kwa sababu hiyo mfasiri alilazimika kupunguza mawazo, kukata viambishi au kupindua mpangilio wa maneno. Lugha ya mkato iliyozaliwa humo, yenye viambishi vilivyodondoshwa na vitenzi vilivyotangulizwa, ilikuja kusikika kama lugha ya utakatifu. Kwa vizazi vya waumini wa Mara waliojifunza Kiswahili shuleni na kanisani kwa wakati mmoja, ugumu huo ulikuwa sehemu ya heshima ya wimbo.

Hapa pana kinaya kinachostahili kutajwa na wanafasihi. Kitabu kile kiliitwa tenzi, ilhali nyimbo zake hazifuati umbo la utenzi wa Kiswahili, lenye vipande vinne vya mizani minane na kina cha bahari kinachofunga kila ubeti. Injili katika umbo hilo ilikuja kuandikwa na mtu wa Mara. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, alizitunga upya Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, na mwaka 1996 kazi hiyo ikachapishwa na Benedictine Publications Ndanda–Peramiho. Katika utenzi, neno kama atakayetukomboa halihitaji kukatwa wala kupinduliwa, kwa kuwa ni kipande kamili. Mahadhi ya kughani humfuata mshairi, nayo hayamtangulii. Kwa hiyo mkoa uleule ulipokea tenzi ambazo hazikuwa tenzi na ukatoa tenzi ambazo zilikuwa tenzi kweli, na tofauti baina ya hizo mbili ni swali la nani anatangulia, neno au lahani.

3.0 Pambio la uamsho

Marekebisho ya kwanza hayakufanywa na wataalamu wa muziki. Mwaka 1942 Shirati iliguswa na uamsho wa Afrika Mashariki, harakati iliyokuwa imeenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika muongo uliotangulia. Alama yake ya kusikika ilikuwa Tukutendereza, kiitikio cha Kiluganda kilichoimbwa hata na watu wasiokijua Kiluganda. Kiitikio hicho kilitoka katika wimbo wa kitabuni wa Kiingereza, lakini katika mikutano ya uamsho kilijitenga na beti zake, kikawa wimbo kamili uliofuata ushuhuda wa mtu mmoja na kuwaunganisha wote waliousikia.

Hiyo ndiyo sura ya pambio. Ni kifungu kifupi, hurudiwa, huanzishwa na sauti moja na kujibiwa na wengi, na hakihitaji kitabu wala uwezo wa kusoma. Kwa mtazamo wa isimu, nguvu yake katika Kiswahili inatokana na mofolojia ya kitenzi. Tuchukue umbo amenitendea. Kiambishi cha mtendwa kikibadilishwa, tunapata ametutendea, amewatendea na amemtendea. Kila umbo lina silabi sita, kwa sababu kila kiambishi ni silabi moja, hata m- ya nafsi ya tatu ambayo hapa ni silabi inayojitegemea. Mkazo nao haubanduki katika -nde-. Kiongozi anaweza kuugeuza ushuhuda wa mtu mmoja kuwa wa familia, wa kijiji au wa taifa bila kuigusa lahani hata kidogo. Mabadiliko ambayo mfasiri wa wimbo wa kitabuni asingeyaweza bila kuandika ubeti upya, mwanamke asiyejua kusoma aliyafanya papo hapo akiwa amesimama.

Lahani ya pambio, kwa kuwa ilizaliwa pamoja na maneno, iliweka pigo zito katika silabi ya pili kutoka mwisho na kuiacha ya mwisho ianguke kwa wepesi. Waumini walizitendea vivyo hivyo nyimbo nyingi za kitabuni: wakazipunguza kasi, wakavuta silabi zenye mkazo na kuyalainisha mapigo mpaka lahani ya Ulaya ikatembea kwa mwendo wa Kiswahili. Wageni waliosikia uimbaji huo wangeweza kuuita uzembe wa mwendo. Kwa mtazamo wa arudhi ulikuwa usahihishaji.

Suala hili lina upande wa kijamii pia. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeandika kwa mapana kuhusu Mara, ameonesha kuwa simulizi za wanaume wa mkoa huu zilielekea kulinda historia ya koo na makabila, na kwamba kumbukumbu za wanawake zilihifadhi mitandao ya undugu iliyovuka mipaka hiyo, kwa kuwa wanawake waliolewa mbali na kwao. Pambio la Kiswahili linaafikiana na kumbukumbu ya namna hiyo. Mwanamke wa Kikuria aliyeolewa kwa Wangoreme, au Mngoreme aliyeolewa kwa Wajita, alipata katika wimbo huo mahali ambapo lugha ya mume haikumtangulia.

4.0 Kwaya, redio na gitaa la dansi

Mwaka 1967 ni mpaka wenye maana mbili mkoani Mara. Zedekia Kisare aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite, na katika mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Uongozi wa kanisa na lugha ya darasa vilibadilika pamoja. Kizazi kilichofuata cha wanakwaya hakikukisikia tena Kiswahili kama lugha ya misheni; kilikuwa Kiswahili cha shule, cha mkutano wa kijiji na cha redio. Kwa upande wa Wakatoliki, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyotolewa Desemba 1963, ilikuwa imekwisha kutambua mapokeo ya muziki ya mataifa yaliyofikiwa na misheni, na mwaka huohuo padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha utafiti wake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Kwaya ndiyo iliyofaidika zaidi. Ilihifadhi sauti nne za wamisionari lakini ikaanza kutunga. Mtunzi wa kwaya alianza na habari, kwa mfano kisa cha Biblia, msiba, ulevi au safari, kisha akaitafutia lahani. Radio Tanzania Dar es Salaam iliyarusha matunzi hayo nchi nzima, na mpaka Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi haikuwa na mshindani wa ndani Tanzania Bara. Redio ya betri na kaseti hazikuhitaji nguzo za umeme. Kijiji kilicho mbali na Musoma kiliweza kuzisikia kwaya za Mwanza, za Dar es Salaam na za makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na kujifunza nyimbo zao kwa sikio.

Redio ileile ilipiga dansi. Bendi za dansi zilikuwa na muundo unaojulikana: sehemu ya kwanza ya taratibu, ambamo mwimbaji husimulia kisa kwa utulivu, na sehemu ya pili ya chemko, ambamo magitaa huongeza kasi na waimbaji kurudia kiitikio kifupi. Muundo huo ulihamia kanisani, wakati mwingine kwa miguu ya wanamuziki wenyewe. Cosmas Chidumule, aliyeimba na DDC Mlimani Park Orchestra na kujulikana kwa wimbo Neema, aliacha dansi akawa mwimbaji wa injili. Aliyemfuata kutoka ukumbi hadi kanisa hakuhitaji kujifunza upya namna ya kusikiliza. Kisa cha mpenzi kilipisha kisa cha wokovu, na kiitikio cha chemko kilipisha pambio.

Gitaa basi halikuingia kanisani likiwa ala tupu. Liliingia likiwa limekwisha kufundishwa Kiswahili. Kwa miongo kadhaa wapigaji wa dansi walikuwa wamelizoesha gitaa la solo kujibu mwimbaji mahali anapopumua, na gitaa la besi kukanyaga silabi yenye mkazo. Mstari wa dansi huishia kwa kawaida na silabi nyepesi inayoning'inia baada ya pigo, na gitaa huijaza nafasi hiyo. Muziki wa injili uliposhamiri kuanzia miaka ya 1990, kupitia kaseti, kisha video za VCD na baadaye kadi za kumbukumbu za simu, ulirithi ustadi huo wote. Waimbaji kama Rose Muhando, aliyetia saini mkataba na Sony Music mwaka 2011, Bahati Bukuku na Christina Shusho walipata wasikilizaji katika kila wilaya ya nchi, na Kiswahili chao kilieleweka bila kitabu mkononi. Mapinduzi ya gitaa, kwa maana hii, yalikuwa mapinduzi ya mkazo.

5.0 Sifa na kuabudu: tatizo la kale katika sauti mpya

Muziki wa Kikristo wenye mtindo wa roki una nasaba tofauti. Ulianza miongoni mwa vijana wa California mwishoni mwa miaka ya 1960. Albamu ya Larry Norman, Upon This Rock, ya mwaka 1969, hutajwa mara nyingi kama mwanzo wake. Kutoka hapo ulipita katika makanisa ya kipentekoste na kufika Australia, ambako kanisa la Hillsong lililoanzishwa Sydney mwaka 1983 liliufanya kuwa mtindo wa ibada wa dunia nzima: gitaa la umeme lenye mwangwi mrefu, mdundo wa ngoma unaokua polepole, na kiitikio kinachorudiwa hadi kilele. Afrika Mashariki iliupokea kupitia makanisa ya mijini, hasa Nairobi na Dar es Salaam, na kutoka mijini ukaenea mikoani kwa simu na mikutano ya vijana. Waumini hawauiti poprock. Wanauita kusifu na kuabudu, au kwa kifupi nyimbo za kuabudu, na jina hilo linaeleza kazi ya wimbo badala ya sauti yake.

Nyimbo hizo ni za makundi mawili, na tofauti baina yake ni ya kiarudhi. Kundi la kwanza ni zile zilizotungwa kwa Kiswahili. Humo mtunzi wa kizazi kipya, hata akitumia kodi za gitaa na mpangilio wa sauti wa kigeni, huanza na neno. Maneno ya wito yanayotawala nyimbo za kuabudu, yaani Bwana, Baba, Yesu na Mungu, yote yana silabi mbili na mkazo katika ya kwanza. Yanakaa vizuri mwishoni mwa mstari ambao pigo lake hushuka kisha kulegea. Umbo fupi la kitenzi, kama vile wewe waweza au wastahili, lilikuwa mkato wa mshairi. Sasa linaimbwa na vijana kama lugha yao ya kawaida ya ibada. Huu ni upanuzi halisi wa rejesta ya Kiswahili, na haujapewa uzito unaostahili katika uchunguzi wa fasihi.

Kundi la pili ni tafsiri za nyimbo za Kiingereza. Hapa historia inarudi ilikotoka. Mtindo wa kuabudu wa Kiingereza hupenda kumaliza kifungu kwa neno la silabi moja lililovutwa kwa muda mrefu. Ndicho kilele cha wimbo, pale mikono inapoinuliwa. Mfasiri wa Kiswahili, akiwa ameshikwa na lahani isiyobadilika, huikuta silabi ya mwisho isiyo na mkazo ikiwa imebeba noti ndefu kuliko zote. Bwana huwa tena bwa-NA, mara hii kwa spika zenye nguvu. Nafasi finyu ya silabi inamlazimisha tena kukata viambishi, na mara nyingi kiambishi kinachokatwa ndicho kinachoeleza nani kamtendea nani. Kijana aliyezaliwa miaka sabini baada ya kituo cha Shirati anaweza kuimba Kiswahili kilichobanwa kwa namna ileile iliyombana babu yake mwenye kitabu mkononi.

Wazee wanaolalamika kwamba muziki mpya si wa kanisa huelekeza kidole kwenye ngoma na gitaa. Vijana wanaojibu huelekeza kidole kwenye ugumu wa nyimbo za kitabuni. Pande zote mbili zinabishana kuhusu ala, kumbe wimbo wa kitabuni uliotafsiriwa na wimbo wa kuabudu uliotafsiriwa ni ndugu, na wimbo wa kwaya na wimbo wa kuabudu uliotungwa kwa Kiswahili nao ni ndugu. Mstari unaowatenganisha haupiti baina ya vizazi.

6.0 Litungu na lugha za nyumbani

Hadithi hii ingeweza kuishia hapo, kama hadithi ya Kiswahili kujikomboa. Lakini katika nchi ya Wangoreme na Wakuria Kiswahili chenyewe kilikuja na nafasi ya mgeni aliyekuwa mwenyeji. Wakuria na majirani zao wana litungu, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, ambalo mpigaji wake husifu watu, husimulia mapigano ya zamani na kukosoa wakubwa. Lilipigwa kwenye sherehe za jando, harusi na mikutano ya pombe, na uhusiano huo ulitosha kuliweka nje ya milango ya makanisa mengi. Kanisa lililokataa ala zote lililikataa pamoja na kinanda. Kanisa lililokuja kukubali ala lilinunua gitaa.

Kwamba haikuwa lazima iwe hivyo kunaonekana ng'ambo ya kusini ya Ziwa. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padri David Clement aliingiza ngoma na nyimbo za Wasukuma katika ibada ya Kikatoliki. Wasukuma walikuwa kundi kubwa lenye lugha moja. Mara ilikuwa na lugha nyingi ndogo, na kila parokia au usharika uliokusanya zaidi ya lugha moja ulikuwa na sababu ya haki ya kuchagua Kiswahili.

Iko pia sababu ya kiisimu ambayo haitajwi sana. Kiswahili hakina toni. Lahani yoyote inaweza kupanda au kushuka juu ya neno la Kiswahili bila kubadili maana. Kinachohitaji kulindwa ni mkazo tu. Kingoreme na Kikuria ni lugha za toni zenye irabu saba. Katika Kikuria, kama walivyoonesha Michael Marlo, Leonard Chacha Mwita na Mary Paster, njeo na hali ya kitenzi huamua ni mora ya ngapi itakayoanza kubeba toni ya juu. Wimbo wenye beti nne na lahani moja unaitaka toni ya ubeti wa nne ilingane na ya ubeti wa kwanza, jambo ambalo sentensi za kawaida haziwezi kulitimiza. Mpigaji wa litungu hana shida hiyo, kwa kuwa lahani yake inaweza kuufuata usemi mstari kwa mstari. Kwa hiyo wimbo wa beti, uwe wa kitabuni au wa bendi, ulikipendelea Kiswahili kwa umbo lake lenyewe, na ukaziacha lugha za nyumbani pamoja na ala iliyojua kuziimba.

Gharama yake inaonekana katika msamiati. Mngoreme anayeomboleza nyumbani ana maneno ya kilio yaliyorithiwa. Kanisani analia kwa Kiswahili. Kazi ya tafsiri ya Biblia katika lugha za Mara, inayofanyika kutoka Musoma tangu miaka ya 2000, imezipa lugha hizo tahajia na maandiko. Haijafuata kwamba zimepata wimbo, kwa sababu maandiko yanaweza kutafsiriwa mezani lakini wimbo wa lugha ya toni unapaswa kutungwa na mtu anayeisikia lugha hiyo ikipanda na kushuka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameifuata silabi ya Kiswahili kutoka uimbaji wa sauti tupu wa Shirati hadi kipindi cha kuabudu cha vijana wa leo. Yameonesha kuwa tenzi zilizotafsiriwa ziliutanguliza muziki na kulibana neno. Kwamba pambio, kwa msaada wa mofolojia ya kitenzi, lilirudisha neno mbele. Kwamba kwaya na dansi vililifundisha gitaa mwendo wa Kiswahili. Na kwamba tafsiri za nyimbo za kisasa za Kiingereza zinaurudisha ubanaji wa zamani kwa sauti ya kisasa. Upya wa wimbo wa Kikristo, kwa kipimo hiki, hauko katika ala.

Yapo mambo mawili ya kufanyiwa kazi. Kwanza, watunzi na wafasiri wa nyimbo za ibada wanahitaji arudhi ya Kiswahili inayozingatia mkazo sambamba na mizani na vina, kwa kuwa mizani iliyotimia haiwezi kumwokoa mfasiri aliyeupoteza mkazo. Pili, wanaisimu wa lugha za Mara wana nafasi ya kushirikiana na wapigaji wa litungu waliobaki, ili kujua lahani zao zinavyoshughulika na toni kabla ustadi huo haujazikwa na wenyewe. Kijana wa Ringwani anayeshika gitaa leo amerithi Kiswahili kilichochukua zaidi ya nusu karne kulizoea pigo. Lugha ya bibi yake ilikuwa imelizoea pigo kabla kituo cha Shirati hakijafunguliwa, juu ya nyuzi nane, nje ya mlango wa kanisa.